Dakika Nne za Taa ya Kijani

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nane na dakika tisa mchana. Mshona viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi alikuwa sebuleni kwake, kiatu kipana cha kike amekibana magotini, anasubiri kisigino kishike. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la misumari. Ndani ya simu alikuwamo mke wake, kitanda namba sita, wodi ya wanawake.

"Tangu Jumamosi sijakuona," mkewe alisema. "Umenichoka, mzee?"

Gundi alifungua mdomo ajibu. Juu ya kabati, taa ya ruta, kile kisanduku cha mtandao, ikageuka nyekundu. Uso wa mkewe uliganda, jicho moja limefumba, kisha ukapotea. Mtandao ulirudi saa kumi na moja. Mkewe alikuwa amefariki saa kumi.

Jibu alikuwa nalo. Hakwenda kwa sababu alikuwa akimshonea viatu vya ngozi laini, vya miguu iliyovimba, na alitaka aingie wodini navyo mkononi. Kilibaki kisigino kimoja, hicho hicho cha magotini.

Wiki mbili baada ya mazishi, taa ikawa nyekundu tena, akapiga simu kwenye kampuni ya mtandao. Alijibiwa na sauti tamu, ya mtu aliyelipwa atabasamu.

"Mpendwa mteja, zima ruta, hesabu hadi thelathini, kisha uiwashe."

Gundi aliishia darasa la tatu, lakini thelathini aliifikisha bila kuruka namba. Akawasha. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Mlango wa jikoni ukafunguka, mkewe akaingia na gauni la hospitali, miguu mitupu, akavuta kigoda karibu na kabati akakaa.

"Ulinikatia simu," alisema.

"Si mimi. Ni mtandao."

"Nimekaa na wewe miaka thelathini na moja. Maneno yakikuzidi unatoka nje. Safari hii ukatoka kwa kukata simu."

Gundi akamwekea viatu mbele ya miguu. Mkewe aliviinamia, akapapasa mshono.

"Kazi nzuri. Ila sivai viatu vya mtu aliyenikatia simu."

Dakika ya nne taa ilitulia, na kigoda kilikuwa kitupu. Binti yao akatoka chumbani. Alikuwa akifundisha watoto wa watu hesabu kupitia kompyuta, na alinusa hewa kwanza.

"Sabuni ya hospitali. Mama alikuja? Si ungeniita, baba!"

"Alikuwa kanuna."

"Akija tena muulize ufunguo wa sanduku kauweka wapi."

Siku hiyo hiyo Gundi alizima na kuwasha mara tisa. Siku iliyofuata mara ishirini na mbili. Kila taa ilipopepesa mkewe aliingia, na kwa binti yake hakuwa na neno baya. Alimwambia ufunguo umo kwenye kopo la chumvi, akamkaripia kwa kukonda. Kwa mumewe alikuwa na shitaka moja tu. Viatu vya wateja vilirundikana hadi dirishani. Gundi hakukaa wala hakusimama. Alizunguka kati ya swichi na kigoda kama mtu aliyemeza jiwe la moto.

"Baba, niko kazini!" binti alipaza sauti kutoka chumbani. "Watoto wameganda wote, kumi na wanne, midomo wazi!"

"Waache wagande. Mama yako naye aliganda."

Binti akafunga mlango wa chumba.

Gundi alitaka kitu kimoja. Mtu wa kampuni, hata mmoja, aseme mbele ya mkewe kwamba Jumanne ile mtandao ulikatika wenyewe. Alipiga simu mara kumi. Mara kumi aliambiwa suala lake limepokelewa. Alijua linapokelewa wapi: huko ghorofani, kwenye viti vinavyozunguka, kwa watu ambao taa zao hazijawahi kuwa nyekundu. Wakubwa hawakatikiwi. Wangekuwa wanakatikiwa, alimwambia binti yake, wangekuwa wameshalala mlangoni kwa mwenye waya.

Baada ya simu ya kumi na moja alikuja fundi wa kampuni, mtu mzima mwenye miwani, ngazi begani. Akapima waya, akazima ruta, akahesabu, akawasha. Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Hujambo mama," alisema fundi. "Naomba usogee kidogo, umekanyaga waya."

Mke wa Gundi akasogea.

"Hii ni nyumba ya tatu wiki hii," fundi alimwambia Gundi. "Kule juu kuna babu, marehemu, anatokea kila ruta ikiwashwa. Anamdai mwanawe nusu ya stori iliyokatikia kwenye simu."

"Basi mwambie huyu," alisema Gundi. "Tarehe kumi na nne, saa nane na dakika tisa. Nani alikata?"

Fundi alivua miwani akaipangusa kwa shati. Alitazama ngazi yake, kisha miguu mitupu ya mwanamke.

"Mama, siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa juu ya nguzo. Niliambiwa nika—"

Simu yake ikalia. "Ndiyo, bosi. Niko kwa mteja. Ndiyo. Naelewa, bosi." Akairudisha mfukoni taratibu. Alipoongea tena hakumtazama mtu.

"Kwa upande wetu, mfumo unaonyesha siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa."

"Malizia ulichokuwa unasema!" Gundi alisema. "Juu ya nguzo uliambiwa nini?"

"Mzee wangu, nina watoto."

"Umesikia lakini, kila kitu kilikuwa sawa," mkewe alimwambia Gundi, na kwa kidole gumba cha mguu akavisukuma viatu chini ya kabati. Taa ikatulia.

Kabla ya kuondoka, fundi alibadilisha ruta. Mpya ilikuwa nyeupe, ina masikio mawili, na ilipepesa sekunde arobaini tu. Mtandao wenyewe haukubadilika. Uliendelea kukatika mchana, mara nyingi saa nane. Kwenye karatasi aliyompa Gundi atie saini kulikuwa na maneno manne: tatizo limetatuliwa, mteja ameridhika. Gundi hakutia saini. Fundi alimtilia.

Sekunde arobaini hazitoshi kuvuta kigoda. Siku hizi mkewe huishia mlangoni pa jikoni, mkono mmoja kwenye fremu, huku Gundi akimsubiri na viatu mikononi, kisigino kimeshakauka siku nyingi. Shitaka la mkewe limebadilika. Alhamisi iliyopita alimtazama muda mrefu, kwa hesabu ya sasa: sekunde kama kumi na tano.

"Haya, mzee," alisema. "Wewe unaapa si wewe. Wao wanaapa si wao. Sasa nani alinikatia?"