Maji Matupu

Fundi bomba mmoja hakuwa na baba, hakuwa na kiwanja, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na subira na wateja wabishi. Homa iliyoingia kwenye damu ilipomwangusha, akakosa na fahamu, na pumzi yake mwenyewe, na mkojo. Figo zilikuwa zimesimama.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi damu ilisafishwa kwa mashine za namna mbili. Moja ilifanya kazi kwa nguvu, saa chache tu. Nyingine ilikwenda taratibu, mchana kutwa na usiku kucha. Ile ya nguvu ilimshusha presha kila alipounganishwa nayo, ndipo daktari akamhamishia ya pili.

"Hii ndiyo itakayoziamsha figo?" mkewe aliuliza.

"Mama, nisikudanganye. Nimeichagua kwa sababu moyo wake unaivumilia. Kuamka ni juu ya figo zenyewe."

"Ya haraka haikuwa na baraka," alisema kaka wa mgonjwa, naye fundi bomba, ndiye aliyemfundisha kazi. Hakuweza kuutazama uso wa mdogo wake; alitazama mirija. "Shemeji, ona viungio hivi. Hakuna kinachovuja. Hawa watu tungewaajiri."

"Usinichekeshe, shemeji. Nikianza kucheka nitalia."

Asubuhi moja mfuko wa mkojo, uliokuwa mkavu tangu alazwe, ulionekana na maji. Jioni ukajaa. Kaka mtu akapiga makofi hadi muuguzi akachungulia nyuma ya pazia.

"Limezibuka! Bomba likitoa maji limezibuka, nani atabisha?"

"Tusubiri majibu ya damu, mzee wangu."

Daktari naye aliona heri waipumzishe mashine, waone. Kaka hakungoja kuona. Mama yao mzazi, asiyesikia tena na anayepewa kila habari kwa maandishi, alikuwa amefunga mizigo aje kumwona mwanawe. Kaka akamtumia mjumbe na kikaratasi: asihangaike na safari, mtoto atakuja mwenyewe.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Majibu yalipotoka, daktari alimketisha kaka kwenye benchi.

"Maji yanapita, fundi, lakini sumu inabaki kwenye damu."

"Kama chujio lililotoboka. Maji tele, na hayafai."

"Ndivyo."

Alielewa kwa lugha ya kazi yake.

Mgonjwa alirudishwa kwenye mashine ya taratibu. Safari hii hata hiyo ilimshusha presha. Dawa za kuipandisha ziliongezwa mpaka vidole vyake vikawa vyeusi.

"Hakuna mashine ya tatu?" mkewe aliuliza.

"Hakuna, mama. Kama kuna wa kumuaga, aitwe."

Kaka alimsogezea shemeji yake kalamu. "Andika wewe."

"Ulimzuia wewe, utamwita wewe."

Akaandika, karatasi ikiwa juu ya goti: *Mama, nilikosea. Maji yalikuwa matupu. Njoo umwone angali na joto.* Shemeji alisoma, akachukua kalamu, akaongeza neno moja: *Leo.*

Kaka akaitia karatasi kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba, akaenda stendi na kuikabidhi kwa dereva wa basi la kwenda kwa mama, lililokuwa tayari limewasha injini.