Nafasi ya Katikati

1

TAARIFA KWA WACHEZAJI WOTE

Kuanzia leo hadi mwisho wa mechi ya tatu ya kundi, simu za wachezaji zitakabidhiwa kwa meneja wa timu. Hatua hii inalenga kulinda utulivu wa kambi. Simu ya nahodha pekee itabaki wazi kwa shughuli rasmi. Ushirikiano wenu unatarajiwa.

Gakii M., Meneja, Timu ya Taifa ya Raga ya Wanawake


3

(Kutoka ukurasa wa michezo, gazeti la nyumbani.)

Tuseme ukweli bila kupepesa macho. Wasichana wetu wamefika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na hata waliowapeleka hawakuamini. Mechi ya kwanza walifungwa vibaya hadi watu wakazima televisheni. Ya pili walipoteza kwa pointi tatu, na waliozima wakajuta. Kesho wakishinda, watamaliza wa tatu kwenye kundi na kukata tiketi ya mashindano yajayo moja kwa moja. Wakishindwa, watarudi kupanga foleni, na foleni hiyo ni ndefu kuliko umri wa wengi wao.

Mbio za kuwatisha wageni hatuna. Mpiga mateke wa kutegemewa hatuna. Tulicho nacho ni skramu. Kwenye skramu tu, dunia nzima inarudi nyuma.


4

Wewe ambaye hujawahi kuona raga, sogea hapa kidogo.

Watu wanane wanafungamana mabega, wanainama, wanakutana na wanane wa upande wa pili na kusukumana. Hiyo ndiyo skramu. Mstari wa mbele una watu watatu. Kushoto yuko Kadzo, nahodha, mzaliwa wa Kaloleni, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Kulia yuko Jerop. Katikati yao, mikono yote miwili ikiwa imeng'ang'ania mabega ya wenzake, asibakiwe hata na mmoja wa kujikinga, yuko Naliaka. Jezi namba mbili.

Shingo yake inawategemea hao wawili. Sitii chumvi. Watu huvunjika shingo pale.


5

TAARIFA YA DAKTARI WA TIMU: Mchezaji wa akiba wa jezi namba mbili amevunjika mfupa wa bega. Hatacheza tena katika mashindano haya.

TAARIFA YA WASIMAMIZI WA MASHINDANO: Timu inakumbushwa kwamba, kwa usalama, nafasi hiyo huchezwa na aliyefunzwa tu. Asipokuwepo, skramu zote za mechi zitafanyika bila kusukumana.

Bila

kusukumana.


6

"Haloo? Wewe ndiye kapteni wa mtoto wetu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Nasambu, shangazi yake Naliaka. Nimepiga simu yake mpaka nimechoka. Sikia, binti yangu. Uko peke yako?"

Kadzo alikuwa kwenye ngazi za hoteli, na glasi ya maziwa mkononi. Alisema yuko peke yake. Akaketi kabla hajaambiwa aketi, maana sauti ile aliijua. Ndiyo sauti inayotumika kutangaza misiba kwao pia.

"Kaka yangu ametuacha. Mzee Khisa. Leo asubuhi alikunywa chai, akasema anajinyoosha kidogo." Shangazi alipenga kamasi. "Tunamzika Ijumaa. Alikataza kabisa kuwekwa kwenye mafriji. Na Naliaka ndiye kifungua mimba. Udongo wa kwanza ni wake. Mwambie uso kwa uso, sikia? Mshike. Habari kama hii haitupwi kwa mtu kama mfupa."

"Nitamwambia, mama."

"Leo."

"Leo."


7

Mlango wa chumba cha mikutano haukufungika vizuri. Aliyepita angeweza kusikia hivi:

"Ndege ya kumfikisha kabla ya mazishi ni moja tu. Kesho, saa kumi na moja na nusu jioni."

"Na mechi?"

"Saa kumi."

"Basi asiambiwe mpaka mechi iishe."

"Kocha, mechi ikiisha ndege imeshapaa."

"Bi Gakii, unafikiri sijui? Mimi sina roho ya jiwe. Lakini nina wasichana wengine kule juu. Wameacha kazi, wameacha watoto. Mmoja ameachika kwa sababu ya mchezo huu. Akiondoka Naliaka, hatuna skramu. Bila skramu, tumekuja kutalii."

Kocha akageuza kiti.

"Kadzo, wewe ndiye nahodha. Unasemaje?"

Habari ya msiba Kadzo alikuwa ameshawapa; alipaswa kuongeza: nimemwahidi shangazi yake. Ukweli ni kwamba alitaka kushinda. Alitaka sana, kwa namna iliyomtia aibu, na kwa muda mfupi alifurahi kwamba kocha ndiye aliyeyatamka yale aliyokuwa akiyawaza yeye.

"Tungoje kidogo," alisema.


8

Chakula cha jioni. Wali usio na chumvi, kuku, majani ya kijani ambayo hakuna aliyeyajua jina.

Naliaka ana raha zake. Anaigiza sauti ya baba yake mbele ya meza nzima.

"Nikamweleza mzee skramu, pole pole. Akasikiliza weee! Halafu akauliza, 'Kwa hiyo ninyi ni ng'ombe wa plau?' Nikamwambia ndiyo baba, tuko watatu. Akasema, 'Watatu? Huyo wa katikati anafanya nini, si ataponda mahindi?'"

Meza nzima ikaangua kicheko. Jerop akapaliwa.

Kadzo pia alicheka. Alicheka kwa sauti yake yote, kama kawaida, na Naliaka akamchotea kuku zaidi kwa sababu alijua nahodha wake anapenda mapaja.

Alilila lile paja. Lote.


9

Maneno ambayo Kadzo aliyajaribu mbele ya kioo:

Naliaka, kaa hapa.

Naliaka, mzee wako

Shangazi yako alipiga

Unakumbuka ulivyosema kwamba ukirudi utamjengea

Nali


10

(Redio ya nyumbani, kipindi cha asubuhi, siku ya mechi. Kadzo anasikiliza kwa simu yake, ametia spika moja sikioni.)

"... mpigaji wa Bungoma, karibu."

"Asante. Nataka kutoa pole kwa familia ya Mzee Khisa. Tuko hapa kwake, tumefunga hema. Na huyu binti yake, tunamwona shujaa sana. Amefiwa na bado atacheza! Huo ndio uzalendo!"

"Kweli kabisa. Taifa zima liko nawe, Naliaka."

Kadzo aliichomoa ile spika.

Taifa zima. Wanaofunga hema, wanaokata kuni, watu wasiomjua hata kwa sura. Wamekwisha kumsifu kwa jambo ambalo hajalichagua. Amebaki yeye tu asiyejua.


11

Wachezaji wa mbele hufungwa utepe kichwani, ukaziba masikio, yasichubuke kwenye skramu. Naliaka hafungwi na daktari. Hufungwa na Kadzo, mechi zote, tangu walipokutana kwenye uwanja wa matope wa klabu yao.

Alikuwa ameketi kitandani, nywele amezibana, akingoja. Nje kulikuwa na jua la baridi lisilopasha kitu.

"Mbona huanzi kufunga, nahodha? Leo ni wewe wa kuogopa?"

Kadzo aliuweka utepe chini. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Kabla sijakuziba masikio. Mzee ametutoka, Naliaka."

Naliaka alimtazama. Mdomo wake ulibaki na lile tabasamu la utani kwa muda, kana kwamba habari haijafika huko.

"Mzee gani?"

"Baba."

Hakupiga ukemi. Alijikunja tu, polepole, hadi paji la uso likagusa bega la Kadzo, na uzito wake wote ukaja juu yake. Kadzo aliuzoea uzito ule. Hakuwahi kuubeba ukiwa hivi.

Baadaye sana:

"Lini?"

"Jana. Asubuhi."

"Nyinyi mlijua lini?"

"Jana mchana."

Naliaka aliinua kichwa.

"Jana jioni nilikuwa nasimulia habari zake."

"Ndiyo."

"Ulicheka."

"Ndiyo."

"Nikakupa na kuku."

Kadzo alimweleza yaliyobaki: Ijumaa, udongo, ndege, saa kumi, saa kumi na moja na nusu. Alimwambia kocha alitaka kungoja. Alimwambia pia kwamba yeye mwenyewe alikubali kungoja, na kwa nini.

"Ungeniambia baada ya mechi, nisingekusamehe maisha yangu yote," Naliaka alisema. "Umeniambia sasa. Sijui nikufanye nini."

Akauokota utepe sakafuni, akautia mfukoni. Hakumpa Kadzo.


12

TAARIFA YA MENEJA: Gari la uwanja wa ndege limeagizwa. Litasubiri lango la mashariki la uwanja wa michezo. Mwisho wa kusubiri ni saa tisa na nusu.

KIKOSI CHA LEO: 1. Kadzo. 2.


13

Jerop, kwenye basi, bila kumgeukia:

"Akienda, tutafungwa."

"Najua."

"Akibaki, atakuja kutuchukia."

"Najua, Jerop."

"Wewe ungependa nini?"

Kadzo alitazama nje. Mji wa watu ulipita, safi, wenye miti isiyo na jani hata moja.

"Usiniulize mimi."


2

Chumba cha kubadilishia nguo, saa tisa na dakika ishirini. Harufu ya dawa ya misuli. Hakuna aliyeweka muziki.

Naliaka ameketi kwenye kona. Begi lake la safari liko miguuni. Jezi iko magotini, imekunjwa. Hakuna aliyethubutu kumsogelea, hata kocha, ambaye amesimama mlangoni anatafuna kucha.

Mwamuzi alibisha, akaingia. Mwanamke mrefu, mpole, ana karatasi mkononi. Kabla ya mechi lazima awaone watu wa mstari wa mbele, awakumbushe usalama wa shingo zao. Hajui lolote.

"Mstari wa mbele, tafadhali."

Akasimama Kadzo.                              Akasimama Jerop.

Mwamuzi akatazama ile nafasi, akatazama karatasi.

"Namba mbili?"

Kwenye raga, mwamuzi huzungumza na nahodha. Wengine hunyamaza. Macho yote yakamgeukia Kadzo: ya kocha, ya Bi Gakii, ya wale walioacha watoto nyumbani. Neno moja lilitosha. Yupo. Lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari ulimini, na Naliaka, kwa jinsi alivyo, asingembishia nahodha wake mbele ya mgeni.

Kadzo alinyoosha mkono kuelekea kona.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Mwamuzi akageuka. Naliaka alikuwa ameshainuka, begi mkono mmoja, jezi mkono wa pili, macho mekundu lakini makavu, na akafungua kinywa kujibu mwenyewe.