Besi Imezidi

Jumanne saa nane mchana Luka alikuwa amechuchumaa kwenye sakafu ya duka la Miraji, Ngamiani, gitaa mapajani na pedali mbili za kubadili sauti yake mbele yake, kama mtu anayechagua viatu. Moja ilikuwa nyeusi, mpya, ya plastiki, bado imevaa nailoni yake. Nyingine ya kijivu, ya chuma, mtumba, rangi imebabuka pale ilipokanyagwa miaka mingi na mguu wa mtu wa nchi nyingine. Kamati ya kwaya ilikuwa imempa karatasi yenye mstari mmoja: "Pedali moja ya gitaa la solo, sauti nzuri, bei ya kueleweka." Katibu alikuwa ameyapigia mstari maneno "ya kueleweka" mara mbili, maana Luka walimjua.

"Nyeusi ina sauti mia," alisema Miraji, mwenye duka. "Mia nzima. Ukitaka ya kukwaruza ipo, ya kulia ipo, ya kama umetumbukia kisimani ipo."

"Na hii ya kijivu?"

"Arobaini."

"Sasa mbona bei moja?"

"Hiyo chuma, ndugu yangu. Hiyo ukimrushia mwizi, kesi unaibeba wewe."

Luka alianza na nyeusi. Sauti zake mia zote zilikuwa nzuri, nzuri kama mabibi harusi waliotoka saluni moja: unazisifu, halafu hujui uliyemsifu ni yupi. Akachomeka ya kijivu. Hii ilikuwa na sauti nene, yenye joto; noti moja ilikaa hewani mpaka mtu unaona haya kuikatisha. Namba kumi na nne ilikuwa ya mwangwi. Akapiga noti tatu, akatulia azisikilize zikirudi. Zikarudi mara moja, zikarudi mara ya pili, na mara ya tatu zikarudi na sauti ya mzee ikisema, "Redio ya mbao hiyo, bibi, utawaachia wajukuu."

"Marehemu baba," alisema Miraji, akiendelea kufuta spika vumbi. "Duka lilikuwa lake."

"Kumbe inarudisha na ya zamani?"

"Ya pale ilipo. Ukiipeleka kwako, itarudisha ya kwako, na wimbo ikishaushika haiusahau, hata ukiupiga kwingine. Ndiyo kasoro yake, sikufichi. Juzi kaja mteja wa friji, nikamwapia kwamba sipati faida hata senti. Kijana mmoja akaikanyaga hiyo namba kumi na nne, ikamtajia mteja bei niliyonunulia."

Luka akaona kasoro ya namna hiyo inavumilika. Aliacha kitambulisho chake kwa Miraji, akazifunga pedali zote mbili kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akaenda nazo kwao Pongwe kuzijaribu hadi Jumamosi.

Kwaya yao ilikuwa na tamasha Muheza baada ya wiki tatu, na sauti ya kwanza ilikuwa na shimo. Shimo lenyewe lilikuwa na jina: Devota, dada yake Luka wa tumbo moja, aliyeongoza sauti hiyo tangu ana miaka kumi na sita. Alipopata mimba alitolewa kwenye kwaya. Baraza la wazee wa kanisa likamwita, likamwuliza mwenye mimba ni nani. Akasema ni Godlisten, mwenyekiti wa kwaya, mwimba besi, mume wa mtu na mzee wa kanisa mwenyewe. Godlisten akaulizwa, akasema si yeye. Baraza likaandika kwamba hakuna shahidi, likafunga kwa sala.

Tangu hapo Devota alikaa benchi la mwisho, jirani na mlango, mwanawe Ruthi mapajani. Kwa taratibu za usharika wao asingeimba kwaya, asingefika kwenye meza ya Bwana, wala mtoto asingebatizwa, mpaka siku asimame mbele ya watu wote peke yake, atubu, arudishwe kundini. Devota hakukataa kutubu. Alichokataa ni hiyo "peke yake".

"Nitatubu tukiwa wawili," aliwaambia wazee. "Hata dhambi yenyewe hatukuifanya kwa zamu."

Wazee hawakucheka. Na watu nao taratibu wakaacha kumwita Devota, akawa Mama Ruthi tu.

Jumatano mchana Luka alizipeleka pedali kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya kanisa, chumba cha mabati chenye viti vya plastiki na vumbi jeupe la chokaa ambalo huko Pongwe hufagiliwa asubuhi na kurudi kabla ya chai. Alitaka kuzisikia pale pale kwaya inapoimbia. Nyeusi ilifanya kila ilichoambiwa. Akahamia ya kijivu, akakanyaga namba kumi na nne, akapiga mwanzo wa wimbo wa Muheza. Noti zikarudi mara moja, zikarudi mara ya pili. Mara ya tatu zilirudi na Devota.

Alikuwa akiimba sauti ya kwanza, kama alivyoimba mwaka juzi, na ile pumzi yake fupi kabla ya kupanda juu. Luka akapiga ubeti wa pili kumsindikiza. Wimbo ukaisha, akaiacha noti ya mwisho ining'inie, na chini yake ikaja sauti nyingine, nzito, ambayo usharika mzima uliijua kwa sababu ndiyo iliyosoma matangazo kila Jumapili.

"Usilie, Devota. Mimba itunze, na mimi nitakutunza. Ila jina langu wazee wasilisikie. Mimi ndiye ninayekaa nao."

Kiti kikaburutwa. Noti ikafa.

Luka alirudia mara nne, na mara zote nne ilikuwa vile vile. Akabeba vyombo vyake, akaenda nyumbani na furaha ambayo hakuwa nayo mwaka mzima. Shahidi alikuwa amepatikana, tena wa chuma.

Alimkuta Devota uani akifua nepi. Akamsimulia yote, mpaka kile kiti.

"Ndiyo," alisema Devota. "Kiti nilikiburuta mimi. Nilitaka kutoka."

"Sasa Jumamosi wanasikiliza pedali, dada. Kamati nzima. Na Mzee Methusela atakuwepo, ambaye ndiye mwenyekiti wa baraza. Watasikia kwa masikio yao!"

Devota alikamua nepi, akaikung'uta, akaianika. "Mdogo wangu, masikio Mungu alikupa mazuri. Hapo penye akili sijui alikuwa na haraka ya wapi. Unadhani wale hawajui?"

"Waliandika hakuna shahidi."

"Waliandika." Akachukua nepi nyingine. "Haya, wapigie. Lakini upige vizuri, wasije wakasema gitaa lilikuwa linapiga kelele."

Usiku huo hata hivyo Luka alimsikia akipasha sauti, taratibu, wakati akimlaza mtoto. Alikuwa hajafanya hivyo tangu atolewe. Na Luka akajua kwamba, pamoja na maneno yake yote, dada yake alikuwa ameanza kuitarajia Muheza.

Jumamosi saa kumi jioni, baada ya mazoezi, kamati ilibaki chumbani: Godlisten mwenyekiti, Kristina katibu, na Mzee Methusela mlezi wa kwaya, ambaye kila alipokaa alitoa kiatu kimoja kwa ajili ya gauti. Luka aliwapa shikamoo, akaanza na nyeusi. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kristina akaandika "nzuri, sauti 100".

Kisha akakanyaga ya kijivu.

Sauti ya Devota ilipoingia, Kristina aliacha kuandika. "Huyo si Devota?"

"Ndiye," alisema Mzee Methusela. "Hiyo pumzi ni yake."

Wakamsikiliza hadi mwisho. Kristina alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Luka akaiacha noti ya mwisho ining'inie, na ile sauti nzito ikasema maneno yake yote mbele ya mwenyewe, mbele ya mlezi na katibu. Mimba itunze. Jina langu wazee wasilisikie. Kiti kikaburutwa. Nje bodaboda ikapiga honi, ikapita.

Mzee Methusela alikohoa. "Ile ya kwanza ulisema ina sauti ngapi?"

"Mia, mzee."

"Na hii?"

"Arobaini."

"Lakini hii ina Devota," alisema Kristina. "Kwa bei ile ile."

Godlisten alikuwa ameinamia mbele, viwiko magotini, kama mtu mwenye masikio ya kazi. "Mimi naona sauti ni safi," alisema. "Safi sana. Ila besi imezidi."

"Hata mimi nimeona," alisema Mzee Methusela. "Besi imezidi."

"Wazee," alisema Luka, "si mmesikia inachosema?"

"Tumesikia, mwanangu, ndiyo maana tunasema imezidi. Hakuna mahali pa kupunguzia?"

Mahali palikuwepo. Palikuwa na kidude cha kuzungusha, cha besi, upande wa kushoto, na Godlisten alikipata bila kuonyeshwa. Alikizungusha taratibu hadi mwisho. Mzee Methusela akaomba wimbo urudiwe, na Luka akaurudia, kwa sababu alilelewa kutii watu wazima, na kwa sababu bado alidhani chuma hakiwezi kushindwa na kidude. Devota aliimba ubeti wa kwanza na wa pili. Noti ya mwisho ikaning'inia, na chini yake hapakuwa na kitu. Kiti tu, kwa mbali.

"Unaona?" alisema Kristina. "Inasimama vizuri peke yake."

Katika muhtasari aliandika kwamba kamati imelinganisha pedali mbili kwa sauti na kwa thamani, na imechagua ya kijivu, kwa kuwa ni imara, ina joto, na inaokoa nafasi ya mwimbaji mmoja.

Luka alipoyafikisha hayo nyumbani, Devota alimsikiliza akiwa amempakata mtoto. Hakusema "nilikwambia", jambo ambalo lilimwuma Luka zaidi.

"Basi mashahidi wameisha," alisema. "Mwambie mchungaji nitasimama. Mtoto abatizwe. Na nikisharudi kundini watanirudisha kwenye kwaya, ndivyo kitabu chao kinavyosema. Muheza nitakwenda."

Jumapili ya kabla ya Muheza kanisa lilijaa. Devota alisimama mbele amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili, akayasema maneno aliyopewa kwenye karatasi, peke yake, kwa sauti iliyofika hadi nje. Godlisten alikuwa kwenye safu ya wazee akifuatilia kwa makini Devota asije akaruka mstari. Mchungaji akatangaza kwamba kondoo amerudi, watu wakapiga makofi, na Ruthi akabatizwa bila kulia.

Kisha kwaya ikaitwa. Devota alimpa mtoto mama wa jirani, akapanda kwenda mahali pake, mbele, kushoto, pale alipokuwa akisimama tangu ana miaka kumi na sita. Palikuwa na spika. Ilikuwa imewekwa juu ya kiti, na kiti kimefunikwa kitambaa cha zambarau kama vile vya madhabahuni.

Kristina alimsogelea, akamshika mkono kwa upole. "Karibu tena kundini, mama. Nafasi tu ndiyo imejaa."

Devota aliitazama spika. Akarudi kumchukua mtoto, akaenda benchi lake la mwisho.

Luka aliyaona hayo akiwa amesimama na gitaa lake. Aliinama kama anayekaza waya, akashika kidude cha besi kukizungusha juu mpaka mwisho, liwalo na liwe. Hakikugeuka. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi, kazi safi, bila tone kumwagika. Mwenye kazi hiyo alikuwa kwenye safu ya besi, anasubiri kuanza.

"Luka," alisema Mzee Methusela kwa kunong'ona. "Pedali."

Kanisa zima lilikuwa linamsubiri. Akaikanyaga.

Siku hiyo watu walisema haijapata kutokea kwaya ikaimba hivyo. Sauti ya kwanza ilipanda bila kuyumba, na pumzi yake fupi ilisikika vizuri kabisa. Katikati ya ubeti wa pili Luka aliona, kule nyuma mlangoni, midomo ya dada yake ikicheza. Kisha mama wa zamu, yule anayewaonyesha watu viti, akamwinamia sikioni, na midomo ikatulia.

Jioni wakiwa uani wakichambua mchicha, Luka alimwuliza dada yake alichoambiwa.

"Ruthi alianza kulialia," alisema Devota. "Nikawa nambembeleza kwa ule wimbo, kidogokidogo, si naujua. Akaja, akaniambia kwa adabu kabisa, 'Samahani, Mama Ruthi, nyamaza kidogo. Devota anaimba.'"

Luka aliacha mchicha. "Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nilinyamaza," alisema. "Tulinyamaza wote wawili, mimi na Ruthi, tukamsikiliza."