Ulos ya Kichwa na Ulos ya Mabega

Kufikia saa mbili asubuhi Rotua alikuwa ameosha masufuria matatu ya mchele, amepanga viti mia mbili vya kukodi, na amepokea simu mbili kutoka zahanati. Ya kwanza ilimpa pole ya msiba. Ya pili ilimkumbusha kwamba likizo ya watu wa mkataba ni siku mbili tu, na ya leo ndiyo ya pili. Miaka kumi na sita alikuwa akitoa dawa kwenye dirisha lile, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba aliambiwa ajira ya kudumu bado. Alijibu sawa, akarudi kukata vitunguu.

Uani, chini ya turubai, jeneza la baba yake lilikuwa wazi. Sajini mstaafu Mangasi Sitohang, ambaye watu wa kando ya ziwa walimwita Ompu Gomgom, yaani babu yake Gomgom, mjukuu wake wa kwanza, alilala humo na sare yake. Akiwa na jeshi la kulinda amani alijenga madaraja Sinai, akajenga Kambodia, akarudi akijua kuomba chumvi kwa lugha tisa. Na kila alipokuja likizo, sajini huyo aliyeogopwa kambini alikaa kizingitini akiwasuka binti zake nywele, wanaume wenzake wakipita na kumcheka. "Nimefunga nyaya za madaraja," aliwajibu, "nywele ndizo zinishinde?" Aliacha watoto watano na wajukuu kumi na saba. Mtu wa namna hiyo haliliwi tu, huchezewa ngoma.

Ila ngoma ina masharti. Lazima ukoo ukubali kwamba marehemu amekufa saur matua, mzee aliyekamilika, watoto wake wote wana nyumba zao, hana kazi iliyobaki duniani. Hapo kaka wa mjane humvika dada yake ulos, kitambaa kile kizito cha kufumwa, mabegani kama baraka. Ukoo ukikataa, humfunika nayo kichwa, na mjane hubaki chini yake na majonzi yake. Mjomba Pardomuan, kaka wa mama yake Rotua, alikuwa amekuja na ulos mbili mkobani, maana hakujua itatakiwa ipi.

Rotua alikuwa kitinda mimba. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na hajaolewa.

Kikao kilianza saa nne. Msemaji wa ukoo alikuwa Baba Torang, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini. Kustaafu kulimtoa ofisini, lakini ofisi haikumtoka yeye. Pembeni walisimama askari kumi na luteni kijana, ambaye alieleza kwa adabu kwamba wamekuja kumpigia sajini saluti, na kwamba saa nane gari linatakiwa kambini.

"Watoto wanne wana nyumba," alisema Baba Torang, "mmoja hana. Hiyo ni hesabu, siyo maoni yangu. Ompu Gomgom hajakamilika."

Mama yake Rotua, aliyekaa mkekani karibu na jeneza, aliinamisha kichwa. Lakini Baba Torang hakuwa amemaliza. Alisema hakuna tatizo lisilo na utaratibu. Sahala, muuza mbolea, alifiwa na mkewe mwaka jana, na yupo hapa hapa. Yeye na Rotua wapeane mikono mbele ya jeneza, ukoo ushuhudie, na kabla ya saa sita mzee atakuwa amekamilika.

Sahala alikuwa akitafuna karanga, akapaliwa. "Mimi nimekuja kuzika tu, mzee," alisema.

Watu walicheka kidogo, kisha wakamgeukia Rotua. Kaka yake mkubwa, Tumpal, alimnong'oneza: "Mdogo wangu, kubali tu. Mengine tutayaona baadaye." Rotua alimtazama mama yake, na kwa kitambo alikuwa tayari kukubali, kwa jinsi alivyotaka baba yake apigiwe ngoma. Halafu hasira ikampanda. Alikumbuka wachumba wawili aliowakataa, na baba yake aliyewasindikiza wageni hao hadi barabarani kwa heshima, akarudi akamwambia apike chai.

Binti asiyeolewa hasemi kikaoni. Kwa hiyo alimwomba ruhusa mjomba wake, ambaye neno lake halipingwi na mtu katika ukoo uliomwoa dada yake. Mjomba aliitikia kwa kichwa.

"Baba Torang, mwaka juzi tulipomlisha baba, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Kila mtu aliikumbuka siku ile. Mzee akiugua, watoto humlisha kwa mikono mbele ya ukoo, naye hutoa neno lake la mwisho.

"Alisema nini?"

"Alisema mengi. Alikuwa mgonjwa."

"Alisema kazi yake kwa watoto imekwisha. Wanne amewapa nyumba, wa tano amejipa mwenyewe. Kisha nyama ikagawanywa. Wewe fungu lako ulilikataa?"

Anayepinga neno la mwenye karamu hurudisha fungu lake pale pale. Akilipokea, amekubali, na watoto wadogo wanalijua hilo.

"Alikatae?" alisema bibi mmoja kutoka jikoni. "Alirudi kuomba la mafuta. Nilimfungia kwenye mfuko mwenyewe."

Kicheko kilizunguka turubai lote, hata luteni akageuka kuficha meno.

"Ofisini kwako," aliuliza Mjomba Pardomuan taratibu, "mtu akishagonga muhuri, hurudi baadaye akasema hakuwa amesoma?"

"Hapana," alisema Baba Torang.

Mjomba alinyanyuka, akatoa ulos moja mkobani. Mama yake Rotua alikuwa ameinama, akisubiri kufunikwa. "Inua uso, dada," alimwambia. "Mumeo amemaliza kazi." Akamtandia mabegani. Mama alicheka kwanza, ndipo akalia.

Askari walipiga saluti yao, wakafyatua risasi hewani, wakawahi gari lao. Ngoma zikafuata. Baba Torang, kwa kazi yake ya usemaji, aliita nyumba moja moja, na kwa kila jina wapiga ngoma walianza upya, mume na mke wakaingia kucheza mbele ya jeneza. Alipoita ya nne akakunja karatasi yake.

Rotua aliingia uwanjani peke yake, akakutanisha viganja, tayari kucheza. Wapiga ngoma walimtazama, fimbo zikiwa juu. Hawapigi bila jina kuitwa.

"Bado moja, Baba Torang," alisema.

Mzee alitazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia.

"Nyumba ya Rotua," alisema.

"Hawajasikia."

"Nyumba ya Rotua," alisema tena, kwa sauti iliyofika barabarani, na ngoma zikaanza, na Rotua akamchezea baba yake kama mwenye nyumba.