Kamera Mbili Juu ya Meza ya Chakula

Bibi mpiga picha aliolewa tena uzeeni, na mpiga picha mwenzake. Kila mmoja alikuja na kamera yake kubwa, ile ya kujifunika kitambaa kichwani, na zote mbili zilikuwa mbovu. Ya bibi mvukuto wake, ile ngozi ya mikunjo kati ya lenzi na kioo, ulikuwa umetoboka. Ya mzee kioo cha nyuma, cha kutazamia picha, kilikuwa kimepasuka. Heri moja tu: zilikuwa za aina moja, za vipande vya kufungua na kuunganisha.

Asubuhi moja bibi akazifungua zote mezani. Akachukua reli ya chini na mvukuto vya kamera ya mumewe, akafungia lenzi na kioo vya kamera yake mwenyewe. Vikakaa kama chanda na pete.

"Sasa hii ni ya nani?" mzee akauliza, roho juu.

"Ya nani tena, bwana wee? Hebu kaa pale dirishani."

Akajifunika kitambaa. Kiooni, kama kamera hizo zinavyopindua kila kitu, mumewe alionekana kichwa chini miguu juu, akinyoosha kola yake taratibu. Bibi akacheka mpaka kamera ikatikisika.

"Umeona nini?"

"Nimemwona mume wangu. Hata akipinduka anapendeza. Haya, tulia, usipumue."