Zimwi la Lango la Tatu

Jumatatu waliketi wajaribu ishirini kuucheza mchezo mpya wa simu, na wote ishirini wakaliwa na zimwi kwenye lango la tatu. Si kumi na tisa. Ishirini, kama vifaranga.

Mama Pacha, mtunzi wa muziki wa mchezo huo, alisimama nyuma yao akihesabu. Kila simu ilipowaka nyekundu alihisi kama kapigwa kofi. Kwenye lango la tatu, zimwi halionekani mpaka likushike. Kinachokuonya ni ngoma tu: inaanza taratibu, unajificha, ikinyamaza, unatoka. Hilo lilikuwa wazo lake, na alilipigania miezi saba.

"Watu hawasikilizi, dada," bosi alimwambia baadaye. "Watu wanatazama. Tutaweka mshale mwekundu wa kuonya, na muziki tutanunua ule uliokwisha tengenezwa, wa kupigapiga mwanzo mpaka mwisho."

"Muziki wa lifti, wa kusindikiza wanaopanda ghorofa."

"Muziki wa lifti haujaua mtu. Wako umeua ishirini."

Mchoraji alicheka hadi kalamu ikamdondoka. "Ngoma ikilia sana hupasuka, Mama Pacha!"

"Wewe chora. Zimwi lako lina miguu mitatu." Akamgeukia bosi. "Majaribio ya mwisho lini?"

"Ijumaa, saa nne asubuhi."

"Basi usiguse kitu mpaka Ijumaa. Nikishindwa, weka mshale wako, weka na lifti yako. Sitasema neno."

Jumanne nzima alivaa hedifoni akaisikiliza ngoma ile upya. Ilikuwa nzito, inatoka chini kabisa, inatikisa kifua. Hakuona kosa. Akaiongeza sauti, akaipunguza, akairudisha ilipokuwa. Ofisini kwao kila mtu alifanya kazi na hedifoni, kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja na ilikuwa amri: usimpigie mwenzako kelele. Hakuna aliyewahi kuusikia muziki wa mchezo nje ya hedifoni.

Jumatano alifanyia kazi nyumbani. Mchana akaingia wifi yake, dada wa mumewe, msusi, mwenye mdomo usio na mlango. Aliketi kitandani kumsuka mmoja wa pacha, na alipomaliza akainyakua simu ya Mama Pacha.

"Ndio huu mchezo uliomsahaulisha mke wa kaka yangu kupika?"

"Kaka yako ana mikono. Cheza."

Wifi akacheza. Lango la kwanza, la pili, la tatu. Akaliwa. Akarudia, akaliwa. Mara ya tatu aliipiga simu kofi.

"Zimwi gani hili halibishi hodi!"

"Wifi, mbona hujifichi?"

"Nijifiche nini? Nani kaniambia?"

"Ngoma!"

"Ngoma iko wapi? Labda inalia tumboni mwako. Hapa kimya kama makaburini."

Mama Pacha aliichukua simu akaibandika sikioni. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kwa mbali ikasikika *tap*, kama mtu aliyedondosha maharage, basi. Kispika cha simu, kidogo kama punje ya dengu, hakiwezi kubeba mlio mzito. Miezi saba alikuwa akiwatungia wenye hedifoni kubwa kama zake, na wajaribu walipewa simu tupu, bila hedifoni.

"Mjinga mimi," alisema.

"Hilo mbona tunalijua," wifi akamjibu, huku akipitisha ukucha kwenye meno ya kitana chake. *Krrrk.*

Mama Pacha akageuka. "Rudia."

"Kwamba u mjinga?"

"Kitana, wifi! Rudia kitana!"

*Krrrk.* Mlio mwembamba, mkavu, unaopanda shingoni kama mdudu. Akamvuta wifi mpaka kwenye kabati la nguo, mahali pake pa kurekodia, maana nguo humeza mwangwi. Wakajibana humo wawili, katikati ya makoti.

"Nyie pacha! Atakayekohoa ataosha vyombo wiki nzima!"

"Mimi nina wateja saa tisa," wifi akanong'ona.

"Watakusubiri. Kwaruza. Polepole, kama kitu kinachokufuata lakini hakina haraka."

Walikwaruza mpaka ukucha wa wifi ukavunjika. Alhamisi Mama Pacha alikipanga kile kitana juu ya ngoma, kianze mbali, kikaribie, kinyamaze. Kila alipomaliza kipande, aliivua hedifoni na kuiweka simu mezani, chini ya feni inayovuma, akasikiliza kama mtu wa barabarani.

Ijumaa saa nne walikuja wajaribu wapya ishirini. Bosi alisimama amekunja mikono. Mshale wake mwekundu ulikuwa tayari kwenye kompyuta ya mchoraji.

Lango la kwanza. La pili. La tatu. Mwanamke mmoja wa makamo, fundi cherehani, alikuwa mbele ya wenzake. Ghafla kidole chake kilisita. Mabega yakapanda. Akamsogeza binti aliyekuwa akimchezesha kwenye simu nyuma ya ukuta, akatulia. Zimwi likapita.

Bosi akainama. "Mama, nani kakwambia ujifiche?"

"Hakuna." Hakuinua macho. "Nimeona tu si pazuri. Hebu nipishe, unanizibia mwanga."

Kumi na sita walivuka. Wanne waliliwa, na wawili kati yao walikuwa wamezima sauti kabisa.

"Hao wawili wawekee mshale," Mama Pacha alisema. "Mtu akizima sauti, mshale utokee. Akiwasha, upotee. Sina ugomvi nao."

"Na wale wawili wengine?"

"Waliusikia mlio wakabisha. Wapo watu wa namna hiyo."

Bosi alimtazama yule fundi cherehani, aliyekuwa sasa amefika lango la nne akisonya kwa hamaki kila alipokwama. Akamgeukia mchoraji.

"Futa ile folda ya muziki wa kununua."

"Yote?"

"Yote. Halafu zimwi lina miguu mitatu, umeona?"

Mama Pacha alikwisha vuta kiti aanze kazi upya. Lango la nne lilikuwa na ngoma nzito vilevile, na la tano, na la sita.