Dirisha la Ekstensheni

Mke wangu Mugure alikuwa anashona sare za shule sebuleni, mpaka chakula tunakula na nyuzi. Ndio nikamjengea chumba cha mabati nyuma, kimeshikana na nyumba. Fundi alikiita ekstensheni, na sisi tukakiita hivyo hivyo. Dirisha alilichagua Mugure mwenyewe, la vioo vidogo vidogo, liangalie mbuga punda milia wakipita, kabla Kitengela haijajaa nyumba za mawe. Alifariki 2001. Cherehani nikaiacha pale alipoiacha.

Mwaka uliofuata watu wa baraza wakaja wakachora X nyekundu kwa mabati, alama ya kubomolewa. Ati niko kwa njia ya barabara. Barabara yenyewe hakuna mtu ameiona. Na ghorofa ya mkubwa mmoja iko kwa laini hiyo hiyo, kila mwaka inaongezwa juu. Yake haiitwi ekstensheni, inaitwa maendeleo.

Dahir mwenye duka alikuwa na simu ya sarafu. Akanishauri nipigie ofisi kule Kajiado nijitetee. Mama wa simu akaniuliza, "Unataka ekstensheni gani?"

Nikafurahi, kumbe habari yangu wako nayo. "Ile ya mabati, mama. Ya nyuma ya nyumba."

"Nauliza ekstensheni ngapi."

"Ni moja tu. Mimi si tajiri."

Akasema basi, moja ni ya mkubwa wa ofisi, nishikilie. Mwanaume akachukua, na nikamweleza yote, Mugure, cherehani, dirisha. Alisikiza, siwezi kumnyima hiyo. Mwishowe akasema, "Sawa mzee, tumekupa ekstensheni. Mpaka..." Sarafu zikaisha, simu ikakatika.

Dahir alinipa soda ya bure. Nikakwaruza ile X, nikapaka mabati rangi ya samawati, ile Mugure alipenda.

Mwisho wa Juni akaja Ochola wa baraza, na vijana wawili wenye nyundo. Nikamwambia arudi kwao, nimepewa, na mkubwa mwenyewe.

"Ulipewa muda, mzee," akasema. "Ekstensheni ni muda. Na wako uliisha jana."

Dahir akatoka dukani, akaongea naye Kiingereza pembeni, akarudi polepole. Akaniambia ni kweli. Neno ni moja, lakini nyumba iko nalo, simu iko nalo kwa zile namba za ndani ya ofisi, hata siku ziko nalo. Wenye ofisi wanajua hivyo, na hakuna mmoja alijisumbua kuniuliza nimeshika gani.

Sikupiga kelele. Kelele ni ya kumpigia mtu anayekusikia.

"Basi nipe ekstensheni," nikamwambia Ochola.

"Ya nini tena, mzee wangu?"

"Ya kutoa dirisha."

Akaangalia saa, akaangalia dirisha, akaketi kwa jiwe. Vijana wakaweka nyundo chini. Dahir akashika fremu, mimi nikang'oa misumari, na hakuna kioo hata kimoja kilipasuka. Ndipo wakaanza kubomoa.

Sasa dirisha liko kwa ukuta wa sebule, pale palipokuwa mlango wa kuingia chumba cha Mugure. Cherehani iko chini yake. Nikifungua naona nyasi zimemea alipokuwa akiketi, na mbuzi wa Dahir wakizila.

Barabara haijapita mpaka leo. Nafikiri wenye barabara nao walipewa ekstensheni.